Neno "Mwujiza" na Imani ya Kila Siku katika Kanazi ya Buhaya

Neno mwujiza, ambalo wengine huliandika muujiza, limesafiri mara mbili. Mara ya kwanza lilitoka katika Kiarabu likaingia katika Kiswahili cha pwani. Mara ya pili lilitoka pwani likapanda bara, mikononi mwa wasomaji wa Injili. Katika makala hii nitaipitia safari ya kwanza kwa ufupi, kwa kuwa bila hiyo ya pili haieleweki. Kisha nitakaa zaidi juu ya ile ya pili, nikiitazama kutoka mahali pamoja: Kanazi, kusini mwa mji wa Bukoba, palipokuwa makao ya Mukama wa Kianja, nchi ambayo wengine huiandika Kihanja.

Sababu ya kulishughulikia jambo hili si udadisi wa maneno peke yake. Siku hizi katika miji yetu neno mwujiza limebandikwa ukutani. Matangazo ya mikutano huahidi miujiza kwa siku na saa, na vipaza sauti huiita kana kwamba ni gari la abiria. Matokeo yake ni kwamba matumizi mengine ya neno hili yameanza kudharauliwa. Mama akisema kwamba kupona kwa mtoto wake homa ni mwujiza, au mzee akisema kwamba kupatana kwake na ndugu yake ni mwujiza, wapo wasomi na wahubiri wanaoona kuwa huo ni usemi wa kulegea tu, neno kubwa lililotumiwa kwa jambo dogo. Mimi naona kinyume. Katika Buhaya usemi huo una historia yake, na historia hiyo ni ya zamani kuliko vipaza sauti.

Tuanze na asili. Kiarabu mu'jiza hutokana na mzizi wenye maana ya kushindwa au kukosa uwezo. Katika mzizi huo huo tumepata ajizi, nayo methali yetu yatuambia kwamba ajizi ni nyumba ya njaa. Basi mwujiza, kwa asili, ni jambo linalomfanya mwanadamu kuwa ajizi. Humshinda, humwacha mikono mitupu. Wanazuoni wa Kiislamu waliliwekea neno hili mpaka ulio wazi. Mwujiza ni wa mitume, hutolewa kuwa hoja mbele ya wanaokanusha, na Kurani yenyewe ndiyo mwujiza mkuu, kwa kuwa hakuna awezaye kutunga mfano wake. Mambo ya ajabu ya watu wema wasio mitume huitwa karama. Kwa hiyo Waswahili, kabla hawajaletewa Injili katika lugha yao, walikwisha kuwa na vyombo viwili vya kupimia mambo haya, na ndani ya nyumba zao walikuwa na cha tatu, kisicho cha wanazuoni: yale maneno mepesi ya kila siku, kama "Mungu si Athumani", asemayo mtu aliyepata nafuu ambayo hakuitegemea.

Wafasiri wa Biblia walivikuta vyombo hivi wakavitumia, lakini si kwa mpango ule ule. Askofu Edward Steere wa Unguja, ambaye Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1883, na wale waliomaliza Biblia nzima mwaka 1891, walikuwa na Kiyunani mbele yao, na Kiyunani cha Agano Jipya kina maneno matatu mahali ambapo msomaji wa kawaida huona moja: dunamis, yaani tendo la nguvu, teras, yaani ajabu, na semeion, yaani ishara. Katika tafsiri ya Union ya mwaka 1952, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, twayaona maneno miujiza, ajabu na ishara yakisimama pamoja, na Injili ya Yohana yashika ishara. Karama nayo ilihama. Kutoka kuwa ajabu ya walii ikawa kipawa cha Roho anachopewa mwamini yeyote, awe mhubiri au mtunza hesabu za kanisa. Uhamisho huo ni mkubwa kuliko unavyoonekana, maana jambo lililokuwa la mtu mteule sasa limekuwa la mkutano wote.

Ila kuna tafsiri nyingine ambayo wachunguzi hawana budi kuitazama zaidi wanapozungumza juu ya Buhaya. Ni ile ya Karl Roehl, mmisionari wa Bethel aliyepata kufanya kazi Usambara na Rwanda. Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937, nayo ilienea hasa katika makanisa ya Kilutheri ya Tanganyika. Roehl alikusudia kuyaondoa maneno ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu. Aliondoa kuamini akaweka kutegemea. Aliondoa ishara akaweka kielekezo. Na mahali pa maajabu aliweka vioja. Wengi walimcheka, na kwa vioja walikuwa na haki, maana neno hilo leo lachekesha kuliko kuogofya, na Wakenya wameliita mchezo wao wa televisheni Vioja Mahakamani. Lakini kielekezo si neno la kuchekwa. Mwujiza humshinda mtu, kielekezo humwelekeza. La kwanza lataka jambo lisilowezekana. La pili lataka tu jambo linaloelekea mahali fulani, nalo laweza kuwa jambo dogo kabisa, mradi anayeliona ajue linakoelekea. Ukiyaweka maneno haya mawili mkononi, unao ufunguo wa mengi yaliyotokea katika nchi ya migomba.

Sasa twende Kanazi. Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mnamo Novemba 1890. Nchi ya Buhaya ilikuwa na watawala kadhaa, kila mmoja akiitwa Mukama, na wengi wao wa ukoo wa Wahinda. Miongoni mwao Kahigi wa Kianja alijua mapema kusoma upepo. Alishikamana na Wajerumani, nao wakamkuza, na jumba lake la Kanazi ni ukumbusho wa urafiki huo hata leo. Tangu mwaka 1906 Bukoba ilitawaliwa kwa mtindo wa Residenti, pamoja na Rwanda na Burundi, yaani kwa kupitia watawala wa wenyeji, na hapo ndipo nguvu za Kahigi zilipostawi, hata alipofariki mwaka 1916. Kwetu sisi wa lugha, jambo la maana ni kwamba makao ya namna hii yalikuwa njia panda ya lugha. Barua za Serikali zilikuwa za Kiswahili. Vitabu vya dini vilikuwa vya Kiganda, maana Biblia nzima ya Kiganda ilikuwapo tangu mwaka 1896. Mapadre Weupe, waliofika Kashozi mwaka 1892, waliomba kwa Kilatini. Na mekoni watu walisema Kihaya.

Katika Kihaya hicho dunia haikuwa tupu. Ruhanga aliumba, Wamara na jamaa ya Wachwezi waliheshimiwa, Mugasha alitawala ziwa na dhoruba zake, Irungu nyika, Kazoba jua. Tendi za enanga, ambazo Profesa M. M. Mulokozi amezichunguza kwa kina, zimejaa mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida. Mtu angedhani basi kwamba Wahaya, walipoipokea Injili, wangeshika kwanza yale makubwa: bahari kutulizwa, wafu kufufuliwa. Hayo waliyashika. Lakini tukitazama jinsi kanisa lilivyoanza, hasa la Kiprotestanti, twaona kwamba ajabu ya kwanza ilikuwa nyingine.

Kanisa hilo halikuanzishwa na mmisionari. Wahaya waliokwenda Uganda walijifunza kusoma katika misheni ya Kianglikana, wakarudi kwao na vitabu vya Kiganda, wakawasomea wenzao. Ndiyo maana Wakristo wa mwanzo waliitwa wasomaji. Ernst Johanssen na wenzake wa Bethel walipofika mwaka 1910 hawakukuta uwanja mtupu. Walikuta watu waliokwisha kusoma, kuomba na kugombana juu ya maana. Askofu Bengt Sundkler ameieleza habari hiyo kwa urefu katika kitabu chake juu ya Bukoba. Tena vita vya 1914 vilipowaondoa Wajerumani, na tena mwaka 1940 walipotiwa kizuizini, wenyeji ndio waliobaki na kazi. Kwa watu hao kitabu kilikuwa kitu cha kushangaza kuliko dhoruba ya Mugasha. Karatasi isiyo na mdomo ilimwambia mtu wa Kianja maneno ya mtu wa Galilaya, tena kwa lugha ya jirani. Na neno la Kiganda walilolisoma mahali petu pa mwujiza ni ekyamagero, neno lenye mlio wa engero, yaani methali na hadithi. Kwa masikio yao mwujiza ulikuwa jambo la kusimuliwa. Usiposimuliwa haujatimia.

Hapo twafika kwenye kiini cha jambo. Katika miaka ya 1930 uamsho ulianza Gahini, Rwanda, miongoni mwa Waanglikana, ukaenea Uganda, na mwishoni mwa miaka hiyo na katika miaka ya 1940 ukaingia Buhaya. Watu wake waliitwa kwa Kiganda Balokole, waliookoka, na Kiswahili kimelichukua neno hilo, kikalivika viambishi vyake, mlokole na walokole, hata leo halionekani kuwa geni. Wimbo wao wa Tukutendereza uliimbwa kwa Kiganda hata na wasioelewa Kiganda. Uamsho huu ulikuwa na machozi, mitetemeko na ndoto, sitaficha hilo. Lakini haukutilia mkazo uponyaji wala kunena kwa lugha. Ulitilia mkazo toba, na baada ya toba kile walichokiita kutembea nuruni, yaani kuishi bila kufichana. Ajabu zilizosimuliwa zilikuwa za namna hii: mtu amerudisha alichoiba miaka mingi iliyopita; mume amekiri mbele ya mkewe; watu waliokuwa hawasalimiani wamekula pamoja.

Msomaji asiyeijua Buhaya ataona haya ni madogo. Na ayapime kwa mizani ya nchi yenyewe. Hapa palikuwa na Wahinda na Wairu, watawala na watawaliwa. Palikuwa na nyarubanja, ambayo kwayo mkulima alikaa katika kibanja cha bwana wake na kumpa sehemu ya mavuno, desturi iliyodumu hata sheria za miaka ya 1960 zilipoivunja. Palikuwa na ukoo, ulioamua nani ni ndugu na nani si ndugu, na omukago, udugu wa damu uliofungwa kwa buni za kahawa. Askofu Josiah Kibira, mwenyewe mmoja wa walioguswa na uamsho, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1974 juu ya kanisa, ukoo na ulimwengu, na swali lake kubwa ni hili hasa: je, kanisa laweza kuwa udugu wa kweli katika nchi ambayo udugu umekwisha kupangwa na damu? Mahali kama Kanazi, penye kivuli cha jumba la Mukama, mtu wa chini na mtu wa juu kuketi juu ya mkeka mmoja na kuitana ndugu ni jambo ambalo desturi yote ilikuwa imelikataza. Lilimshinda mtu. Kwa maana kamili ya Kiarabu lilikuwa mwujiza, na kwa maana ya Roehl kielekezo.

Sifa ya uamsho haitufanyi tusahau hasara yake. Waliotakiwa kukiri hadharani wakakataa walihesabiwa kuwa bado hawajaokoka, na wachungaji wengine waliona kanisa likigawanyika ndani kwa ndani. Tena ushuhuda wa kila juma huweza kugeuka kuwa desturi ya mdomo, na mtu akajisifia unyenyekevu wake.

Ushuhuda huo, hata hivyo, wastahili kuchunguzwa na wanalugha kama aina ya fasihi simulizi, maana una umbo lake. Msemaji huanza kwa kumsifu Bwana, na wasikilizaji huitikia. Hueleza hali yake ya zamani kwa -li-: nilikuwa mlevi, nilikuwa mwizi. Huendelea kwa -ka-, akifululiza mambo: nikasikia neno, nikalia, akaniokoa. Watu wengi hudhani ushuhuda unaishia hapo. La. Baada ya hapo kitenzi hubadilika, na sehemu iliyobaki, ambayo aghalabu ni ndefu kuliko zote, husimama juu ya -me-: ameniamsha, amenilinda njiani, amenipatia ada ya mtoto, amenifikisha hapa. Ile -ka- ni ya mwujiza mkubwa uliotokea mara moja. Ile -me- ni ya miujiza isiyokwisha, jambo lililotendeka ambalo athari yake ingali ipo kwa msemaji asimamapo mbele yetu. Huko ndiko mwujiza wa kila siku unakokaa katika Kiswahili, ndani ya kiambishi, na wala hauhitaji jina. Mtu aliyefundishwa tangu utoto kusalimu asubuhi kwa kuuliza mwenzake alilalaje, kama Wahaya wasalimuvyo, hapati shida kuona kwamba kuamka ni habari.

Upande wa Wakatoliki mambo yalikuwa tofauti kidogo, na tofauti yenyewe yafundisha. Kwa kawaida Roma haitangazi mtakatifu bila mwujiza uliochunguzwa. Mashahidi 22 wa Uganda walitangazwa wenye heri mwaka 1920 na watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, baada ya kukubaliwa kuponywa kwa masista wawili wa Rubaga waliougua tauni mwaka 1941. Katika uchunguzi wa namna hiyo waganga huulizwa kama elimu yao inaweza kueleza kupona huko, nao hujibu kwamba haiwezi. Angalia ajabu ya lugha: utaratibu huu wa Kilatini wafuata mzizi wa Kiarabu barabara, maana mwujiza unathibitishwa kwa mganga kukiri uajizi wake. Lakini Wahaya wanaovuka mpaka kwenda Namugongo kila tarehe 3 Juni hawaendi kusoma ripoti ya waganga. Huenda kuomba mtoto, kazi, amani ya nyumba, na wakirudi wamepata hushukuru bila kumwita mchunguzi. Kanisa lile lile lina milango miwili, na waumini hupita wote.

Kilichoutia usemi huu majaribuni ni misiba. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa muda wa miaka ishirini, kabla dawa za kupunguza makali hazijaanza kutolewa na Serikali mwaka 2004, vibanja vingi vilibaki na bibi na wajukuu tu. Waliotangaza uponyaji wakati huo walikuwapo, na watu waliwaendea, kama walivyomwendea Edmund John katika miaka ya 1970 na kama makumi ya maelfu walivyokwenda Samunge, Loliondo, mwaka 2011 kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu kwa shilingi 500. Siwalaumu. Lakini kanisa la Bukoba lililazimika kupata neno la kumwambia yule ambaye mwujiza wake haukuja. Dayosisi ya Kilutheri ilianzisha HUYAWA, yaani Huduma ya Watoto, kwa ajili ya yatima. Ada ya shule, godoro, bati la nyumba: hivyo ndivyo vilivyokuwa vielekezo vya miaka ile, na kila kimoja kilielekea kwa mtoto mwenye jina.

Hata hivyo mwujiza wa mtu mmoja husimama karibu na kaburi la mwingine, na usemi wa kila siku hauepuki swali hilo. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyokuwa ikielekea uwanja wa Bukoba ilianguka ziwani. Walikuwamo watu 43. 24 walitoka na 19 walikufa. Wavuvi walifika kwa mitumbwi yao kabla ya wote. Neno mwujiza lilisikika siku zile, na mtu aweza kuuliza, kwa haki, lilikuwa wapi kwa wale 19, au kwa mamia waliozama katika MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Anayeshika maana ya kushindwa tu hana jibu, kwa kuwa kwake mwujiza ni hesabu ya nguvu, na nguvu iliyotosha kwa 24 ingetosha kwa 43. Anayeshika maana ya kuelekeza hana jibu pia, lakini ana pa kutazama: ule mtumbwi, na kijana aliyeacha samaki wake akapiga kasia kuelekea kwenye ndege. Naona hii ndiyo sababu usemi wa Buhaya umedumu. Haudai kueleza kifo.

Ushahidi ulio bora kuliko wote wa jambo hili haumo katika mahubiri bali katika majina. Katika Buhaya mtu huitwa Mujuni, kutokana na kujuna, yaani kuokoa na kusaidia. Huitwa Kamugisha, jina la baraka. Huitwa Asimwe, na ashukuriwe. Huitwa Byamungu, vya Mungu, jina lenye kiambishi cha Kihaya na Mungu wa Kiswahili ndani ya neno moja. Mulokozi ni mwokozi, na mzizi wake ni ule ule wa mlokole. Ishengoma na Kato, majina ya pacha, yatukumbusha kwamba hata kabla ya wasomaji kuzaliwa kwa mtoto kulikuwa jambo la kusimamiwa kwa heshima na miiko. Ukoo ulioona jambo haukuandika kitabu. Ulimwita mtoto kwa jambo hilo, na kila alipoitwa kula, habari ilisimuliwa upya.

Kwa watunga kamusi nina pendekezo moja. Kamusi zetu hulieleza neno mwujiza kwa upande wa jambo lisilo la kawaida, na hilo si kosa. Lakini mfano wa matumizi unaotolewa usiwe wa mitume na wafalme peke yao. Uwekwe na ule wa watu wa kawaida, pamoja na kile kijineno tu ambacho huandamana nao mara nyingi: ni mwujiza tu, ni neema tu, ni Mungu tu. Wanasarufi hukihesabu kijineno hicho kuwa cha kupunguza. Katika sentensi hizi hakipunguzi mwujiza. Hukiondoa kila kitu kingine, mganga, fedha, ukoo na bahati, hata libaki jina moja la mwisho. Kama neno lile lile katika Kihaya na Kiganda hufanya kazi hiyo hiyo, ni jambo linaloweza kuchunguzwa na mtu yeyote mwenye subira ya kuketi Kanazi kwa miezi michache, akisikiliza shuhuda za Jumapili na salamu za asubuhi.